Siku ya Kwanza Kwenye Lami ya Mjini: Mwongozo kwa Kikundi cha Kanivali Kisumu

Uwanjani watu wamekuja kukutazama. Barabarani wewe ndiye mgeni. Wenyeji wana safari zao, mizigo yao na madeni yao, na hakuna aliyekualika.

Kikundi chetu cha mtaa wa Manyatta kilizoea viwanja vya shule na njia za mtaani, ambako hata mbwa wanatujua. Mwaka tulioamua kuingia katikati ya mji, yaani kuanzia Kibuye, kushuka Jomo Kenyatta Highway, kukata kona na kumalizia Oginga Odinga Street, tulifanya mazoezi ya kucheza kwa miezi mitatu na mazoezi ya kutembea kwa asubuhi moja. Tuliaibika. Mwaka uliofuata tuligeuza hesabu hiyo, na mengi ya humu yametokana na kule kuigeuza. Nimeandika nikidhani mko watu 60 hivi, mna ngoma zenu, na mkokoteni mmoja uliopambwa. Mkiwa wachache, punguzeni namba lakini msipunguze hatua.

Hatua ya 1: Tembeeni njia kabla ya kuichezea

Waende watu watatu: anayeongoza mbele, anayefunga mkia, na fundi aliyetengeneza mkokoteni. Mara ya kwanza nendeni siku yoyote, mikono mitupu, mkitazama tu. Mara ya pili nendeni siku ileile ya wiki na saa ileile ya gwaride, kwa sababu barabara ya Jumanne saa tatu si barabara ya Jumamosi saa tano. Mara ya tatu nendeni na mkokoteni wenyewe, bila mapambo, lakini mmeusimamishia fito inayofikia urefu wa pambo la juu kabisa na futi moja zaidi.

Somo la fito nililipata kwa aibu. Tulikuwa tumeunda samaki, mbuta mkubwa wa mafunjo na waya, mkia wake umesimama kama mita nne kutoka lami. Pale Kibuye tulipita vizuri. Mbele kidogo kulikuwa na waya wa intaneti umelegea, ule mweusi mwembamba usiouona kila siku kwa sababu umeuzoea. Mkia ukaukamata. Kijana mmoja akapanda mgongoni mwa mbuta na mpini wa ufagio kuuinua, huku mama wa ndizi akipiga kelele kwamba huyo mtoto atakufa na stima. Tulisimama dakika tisa. Lakini waya haukuwa kosa kubwa. Kosa ni kwamba wenzetu wa mbele hawakujua. Waliendelea kucheza, na tulipomnasua mbuta wao walikuwa wameshafika kona. Katikati yetu zilikuwa zimejipenyeza matatu nne na tuktuk sijui ngapi. Mtu aliyesimama kando ya barabara siku ile hakuona kanivali. Aliona vikundi viwili vidogo, kimoja kimechoka na kingine kimepotea.

Mama wa ndizi, kwa njia, alikuwa na haki. Waya usioujua usiuinue na kitu chochote, hata kama mbao ni kavu. Pambo ndilo linaloshuka. Tangu siku hiyo mkia wa mbuta wetu una bawaba na kamba: ukivuta unalala, ukiachia unasimama, na watoto wanadhani ni sehemu ya mchezo.

Mkiwa njiani andikeni kila tuta, kila mfuniko wa mtaro ulioibwa, kila mahali penye choo ambacho mwenyewe atawaruhusu, kila kivuli. Andikeni pia sehemu ambazo mnaweza kuchepuka kando mkihitajika kupisha gari la wagonjwa. Hili la mwisho ndilo lililotufanya tukatae kuanzia Kondele, ingawa vijana walipataka kwa sababu ya watu wengi. Kati ya Kondele na Kibuye ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kuziba barabara hiyo na watu 60 wanaocheza taratibu ni kucheza na maisha ya mtu. Anzieni chini ya hapo.

Pimeni na muda. Mtu anayetembea kawaida humaliza kilomita moja kwa dakika 12 hivi. Kikundi kinachocheza, kwetu sisi, hutumia dakika 30 hadi 40. Wengi huandika kwenye ratiba muda wa mtembezi, kisha saa sita inawakuta nusu ya njia, jua liko utosini na askari wanaangalia saa.

Hatua ya 2: Chagueni siku na saa

Jumapili ni siku kuu ya soko la Kibuye, na mitumba humwagika hadi ukingo wa barabara. Msijaribu. Sikukuu za kitaifa kama Mashujaa tarehe 20 Oktoba au Jamhuri tarehe 12 Desemba zinavutia, ila siku hizo polisi wana sherehe za serikali na hamtapata askari wa kuwasaidia kwenye makutano. Mimi huchagua Jumamosi asubuhi, nikijua kuna makanisa ya Waadventista kwenye ibada: yakiwa karibu na njia yenu, nendeni mkaongee nao mapema na mpunguze ngoma mnapopita.

Anzeni saa tatu, mmalize kabla ya saa sita. Sababu ni mbili, lami na ziwa. Lami ya Kisumu saa saba mchana huchoma hadi kupitia soli nyembamba. Na mvua yetu nyingi hunyesha alasiri na jioni, upepo wa ziwa ukishapanda, tena huja ghafla na ngurumo. Machi hadi Mei msijidanganye kabisa.

Hatua ya 3: Barua ya polisi, na neno moja la kuepuka

Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, na Public Order Act, Sura ya 56, inaeleza utaratibu. Mwandalizi hupeleka taarifa ya maandishi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo husika si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya tukio. Barua iwe na jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na njia mtakayopita. Saa hizo lazima ziwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kituo hutakiwa kuweka rejista ya taarifa zote, na kama mwingine ameshapeleka taarifa ya mahali na muda huohuo, mtaambiwa mbadilishe. Ndiyo maana siku ya 14 ni bora kuliko siku ya 3. Sheria pia inamtaka mwandalizi au mwakilishi wake awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie polisi kutunza utulivu. Kwa hiyo mtu aliyetia sahihi asivae kinyago. Lazima aonekane uso.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri irudi nanyi. Ulizeni kama njia inavuka mpaka wa kituo kimoja na kingine. Ikivuka, barua ziwe mbili. Kisha nendeni ofisi za jiji kuhusu matumizi ya barabara na kelele za spika, na kama mtapiga muziki wa kurekodiwa ulizeni leseni yake ya hakimiliki mapema. Ngoma mnazopiga wenyewe, nyimbo za jadi, hazina shida hiyo.

Sasa lile neno. Kwa Kiswahili sanifu msafara wowote wa watu barabarani unaweza kuitwa maandamano. Kisumu usiliandike. Hapa neno hilo lina harufu ya moshi wa matairi na gesi ya machozi, na aliyelisikia kwenye simu hamalizi sentensi kabla ya kufunga duka. Andikeni "gwaride la utamaduni" au "kanivali" kwenye barua, mabango, ujumbe wa WhatsApp, kila mahali. Tulikuwa na mwanachama mmoja aliyetuma ujumbe kwenye kundi la wazazi akisema "watoto waje na maji, maandamano yanaanza saa tatu". Nilipigiwa simu na wazazi kumi na mmoja kabla ya chai.

Hatua ya 4: Jitambulisheni duka kwa duka

Hii ndiyo hatua ambayo vikundi huiruka, na kwangu ina uzito kuliko mavazi. Wiki mbili kabla, gawaneni wawili wawili mpite pande zote mbili za njia. Msipeleke vipeperushi peke yake. Pelekeni mdomo. Salimieni, semeni mnatoka wapi, siku gani, saa ngapi mtapita mbele ya mlango wake na mtachukua dakika ngapi.

Mzee mmoja wa duka la vitambaa pale Oginga Odinga Street alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja kitenge, hakuinua macho. Kisha akauliza: "Kijana, hii ngoma yenu ni ya kucheza ama ni ya kukimbia?"

Nikamwambia, "Mzee, ni ya kucheza. Wewe utasikia ngoma za isukuti, utaona samaki mkubwa, halafu wasichana wenye manyoya. Ukiona samaki ujue ni sisi."

"Na mkiwa mnakimbia?"

"Samaki hakimbii, mzee. Ana magurudumu mabovu."

Alicheka, akaniuzia mita sita za kitambaa kwa bei ya jumla, na siku yenyewe alikaa nje kwenye kiti. Majirani zake walimwona amekaa, nao hawakuteremsha mapazia ya chuma. Elewa hapo: katika mji huu, ngoma na kelele zikitoka upande wa Kondele, ambako maandamano huanzia mara nyingi, mwenye duka hutazama kwanza majirani wanafanya nini. Ukipata mmoja anayeheshimika akakaa nje, umepata mtaa mzima.

Msiwasahau wenye bodaboda. Ongeeni na mwenyekiti wa kila steji, tena muwape kazi. Sisi huwaomba wawili wavae reflekta, mmoja atangulie mita 100 mbele akipunguza magari, mmoja afuate nyuma. Tunawalipa mafuta na asubuhi yao ya kazi. Boda asiyeshirikishwa atapita katikati ya wachezaji wako, na atakuwa amebeba kreti ya mayai.

Hatua ya 5: Pangeni safu kwa sikio

Tuseme kati ya watu 60 mna wachezaji 40, wapiga ngoma 8, wasukuma mkokoteni 4 na wasimamizi 8. Wakipangwa wanne wanne, mita mbili kati ya mstari na mstari, ukiongeza ngoma, mkokoteni na nafasi ya mtu kujizungusha, msafara hufika mita 50. Watu wengi huweka ngoma mbele kabisa kwa sababu inaonekana vizuri kwenye picha. Sasa fanya hesabu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka mbele hadi mkiani ni sekunde 0.15. Mdundo wenu ukiwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo mtu wa mwisho anasikia kila pigo likiwa limechelewa karibu theluthi moja ya pigo. Hajasahau hatua. Anacheza sawasawa na anachokisikia. Mwalimu wa ngoma atamfokea bure.

Wekeni ngoma katikati. Ucheleweshaji unagawanyika mara mbili na macho hayauoni tena.

Mkokoteni nao uende mbele, nyuma tu ya bango. Tulimpeleka mbuta mbele baada ya ile aibu ya waya, kwa mantiki ya mchungaji: mnyama mwenye kuchechemea akitangulia, kundi halipotezani. Kitu kizito kikiwa nyuma, waliotangulia watakikimbia bila kujua.

Huko Rio de Janeiro, Brazili, mapengo huadhibiwa rasmi. Shule ya samba, yaani kikundi chao cha kanivali, ikiacha uwazi katikati ya safu mbele ya waamuzi hupoteza alama, na kuna muda uliowekwa wa kuvuka Sambódromo, ile njia iliyosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984. Wapiga ngoma wao wakifika mahali fulani huchepuka pembeni, wakapiga wamesimama mpaka wenzao wapite, kisha wakaingia nyuma. Tulijaribu jambo hilo kwenye kona ya kuingia Oginga Odinga Street. Lilipendeza sana, tukaliacha. Njia yetu ni fupi, ngoma zilibaki mkiani na hazikupata pa kurudi katikati.

Kuhusu ala zenyewe. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, imezaliwa kwa ajili ya barabara: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, huning'inizwa mwilini, na pembe na njuga za chuma hupenya kelele za matatu. Wapigaji wake huchoka haraka kwa jinsi wanavyopiga kwa nguvu, kwa hiyo kila ngoma iwe na watu wawili wa kupokezana. Nyatiti ni habari nyingine. Ina nyuzi 8, mpigaji hukaa, ana njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mbao za chombo. Huwezi kumtembeza. Mpandisheni mkokotenini na spika ndogo ya betri ya gari, apige mkiwa mmesimama. Orutu vilevile: bila spika, uzi wake mmoja humezwa na tuktuk ya kwanza.

Hatua ya 6: Vazi lipimwe kwa choo

Kila vazi lipite majaribio matatu: mvaaji apande ngazi, achuchumae, na aende chooni bila kusaidiwa na zaidi ya mtu mmoja. Likishindwa, rudisheni kwa fundi. Hakuna la ziada la kusema hapo.

Malighafi nzuri iko ziwani. Gugu maji likikaushwa vizuri ni jepesi na husukika, na mafundi wa Kisumu wamekuwa wakilitengenezea vikapu na viti kwa miaka. Sisi hulitumia kwa mabawa na kofia. Kuna mambo mawili ya kujua. Mabua yakatwe marefu na yakauke kabisa, la sivyo vazi linapata ukungu na mvaaji anapiga chafya njia nzima. Na likishakauka linashika moto kama karatasi, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko la mahindi karibu na mabawa, hata kama mwenye jiko ni shangazi yako. Mafundi wa jua kali pale Kibuye watakuchomelea fremu ya mkokoteni. Waambie waweke breki, au angalau pete mbili za nyuma za kufungia kamba, maana njia inateremka kuelekea ziwani na watu wanne hawatoshi kuuzuia mkokoteni uliopata kasi.

Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi ya pengo

Chukueni barabara tulivu ya mtaani. Kikundi kianze kucheza na kusonga kama kawaida. Bila kuambia mtu, msimamizi wa mkia amshike bega mchezaji mmoja wa nyuma asimame. Hesabuni hatua watakazopiga wa mbele kabla ya kujua kuna tatizo. Sisi mara ya kwanza tulihesabu zaidi ya 60, na wa mbele walisimama kwa sababu walifika ukingo wa barabara. Rudieni hadi ziwe chini ya 10.

Filimbi haisaidii. Karibu na isukuti husikii hata jina lako. Tumieni vitambaa vyekundu kwenye vijiti, vitatu: mkiani, kwenye ngoma, na mbele. Mkia ukiinua, wa kati anainua, wa mbele anainua na mkokoteni unasimama. Anayeongoza mbele atembee akigeuka nyuma kila baada ya hatua kumi. Ndiyo kazi yake yote, kwa hiyo msimpe mtu anayependa kupigwa picha.

Kanuni moja ishikwe na wote: miguu ikisimama, ngoma hazisimami. Wachezaji wanabaki mahali pao wakiendelea na mchezo wa papo hapo mliouandaa kwa ajili hiyo. Mtazamaji hatajua kama mmekwama au ndivyo mlivyopanga. Andaeni michezo miwili ya namna hiyo, kwa sababu mkikwama mara ya pili mahali pamoja watu watatambua.

Huko Salvador, Bahia, kuna watu wanaolipwa kushika kamba kuzunguka gari la muziki ili umati usiingie ndani. Kamba ya kuzunguka mita 50 ingetaka watu wengi mno, hivyo sisi huweka kamba ya katani pande mbili za ngoma tu, washikaji wanne. Pale ndipo umati husongamana na pale ndipo simu huibwa.

Hatua ya 8: Maji, miguu, watoto

Hesabu lita moja na nusu kwa kila mtu. Kwa watu 60 ni jerikeni tano za lita 20, nazo zisibebwe na msafara. Ziwekeni mapema kwa wenye maduka mliojitambulisha kwao, mbili katikati ya njia na tatu mwishoni. Viatu viwe vile walivyofanyia mazoezi. Kiatu kipya ni adui. Watoto wa chini ya miaka 12 waingie kwenye robo ya mwisho tu, wakisubiri kivulini na mzazi wao, na kila mmoja awe na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwa kalamu mkononi. Ikiandikwa kwenye karatasi itapotea.

Hatua ya 9: Asubuhi yenyewe

Fikeni saa kumi na mbili na nusu. Hewa ya ziwa usiku hulegeza ngozi za ngoma, na ohangla, ambayo kwa jadi huwambwa ngozi ya kenge, hutoa sauti ya ndoo ikiwa na unyevu. Wapigaji huwasha moto mdogo wa nyasi na karatasi, wakazungusha ngoma juu yake polepole, wakigonga kwa kidole kimoja na kusikiliza. Ukiwaona wanatikisa vichwa, ongeza dakika kumi kwenye ratiba bila kubishana. Moto huo uwe mbali na mabawa ya gugu maji. Nimeshasema, narudia.

Wapeni watu chai na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, si mandazi matupu. Itisheni majina. Mwonyesheni OCS au askari wake barua yenye muhuri hata kama ameshaiona. Kisha ondokeni kwa wakati, hata kama watano hawajafika. Waliochelewa watajiunga mkiani, kamwe wasiingizwe katikati.

Hatua ya 10: Mkiwa njiani

Mtakutana na mambo matatu. La kwanza ni kona. Mstari wa ndani upunguze hatua, wa nje urefushe, la sivyo safu inafunguka kama feni. Wekeni msimamizi asimame pale kwenye kona mpaka mkia upite.

La pili ni wapiga video. Wanatembea kinyumenyume mbele ya mbuta na mtaro umefunguka nyuma yao. Mpeni msimamizi mmoja kazi ya kuwashika mkono tu.

La tatu ni mheshimiwa. Atatokea, hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia, na vijana kumi wenye fulana za rangi moja, akitaka kutembea mbele ya bango. Akiingia pale, gwaride lenu limeshakuwa mkutano wake, na wenye maduka mliowaahidi samaki wataanza kuangalia mapazia yao ya chuma. Sisi tuna kiti cha plastiki na mwavuli mwishoni mwa njia. Kijana mwenye adabu humwendea: "Mheshimiwa, karibu sana, tumekuandalia mahali pa heshima pale mwisho, wewe ndiye utakayetupokea." Wengi huenda. Mmoja alikataa, tukamweka pembeni mwa mkokoteni na kumwomba asaidie kusukuma. Alisukuma kama mita 30, akakumbuka ana mkutano.

Hatua ya 11: Kumaliza

Msimalizie mahali pembamba. Wa mbele wakifika mwisho na kusimama, wa nyuma wanazidi kuwasukuma, na hapo ndipo watu huumia. Mkokoteni ukifika uvuke mstari wa mwisho kwa mita 50 nzima kabla ya kusimama, ili kikundi chote kiwe kimeingia. Ngoma zipige dakika tano za mwisho, kisha zinyamaze zote kwa pamoja. Adhana ya adhuhuri isiwakute bado mnapiga.

Hesabuni watu kwa majina, kisha ngoma, kisha vitambaa vyekundu. Walipeni wapiga ngoma waliotoka Kakamega kabla hawajapanda matatu, mkononi au kwa M-Pesa, na nauli iwe kando ya malipo. Wanne warudi nyuma na mafagio na magunia: manyoya na vipande vya gugu maji huziba mitaro, na mvua ya alasiri haiko mbali. Jerikeni zirudi kwa wenyewe zimeoshwa. Tulipomrudishia yule mzee wa vitambaa yake, alikuwa bado kwenye kiti chake nje. Alituuliza kama mwakani samaki atakuwa na magurudumu mapya.